Bunduki Niliyoing'arisha

Barua ya makumbusho ilipofika kusema kwamba mtathmini angekuja Jumatano kuikagua bunduki, jambo la kwanza nililofanya ni kuingiza mkono chini ya kitanda kutafuta msasa. Naliandika hili mapema ili msomaji asije akaanza kunihurumia kabla hajanijua.

Bunduki ilikuwa ya baba yake mama mkwe wangu. Aliibeba katika vita vikuu vya zamani, vita vikaisha, akarudi nayo nyumbani na hakuna aliyemuuliza. Baadaye akaenda kutafuta kazi mbali, akafia huko huko, akazikwa na watu wasiomjua. Kaburi lake halijulikani lilipo. Kilichobaki cha kuonyesha kwamba aliwahi kuishi ni binti mmoja, yaani mama mkwe, na hiyo bunduki. Mume wangu alikabidhiwa vyote viwili. Alipofariki, miaka tisa iliyopita, nami nikarithi vyote viwili: vyote vizee, vyote vizito, na vyote vilihitaji kushughulikiwa kwa adabu.

Mwaka huu serikali ikatangaza kwamba silaha zote za zamani zilizo majumbani zipelekwe kituoni kabla mwezi haujaisha, na huko zitayeyushwa ziwe nondo. Ila zile zitakazothibitishwa kuwa za kihistoria, na kwamba ni zile zile hasa zilizobebwa na mtu fulani, zitapewa hati, ziwekwe makumbusho, na jina la aliyezibeba liandikwe ukutani. Mama mkwe haoni tangu siku nyingi, lakini masikio yake hayajawahi kwenda likizo. Aliposikia tangazo hilo redioni aliacha kutafuna.

"Jina la baba ukutani," akasema. "Ndani ya nyumba ya serikali."

"Ndiyo, mama."

"Mtu akipita anasoma."

"Akijua kusoma, anasoma."

"Basi mwite huyo mtu aje. Mimi sina kaburi la kupelekea maua. Nitapeleka masikio yangu pale, nisikie watu wakimsoma."

Nikaandika barua. Mwandiko wangu ni wa darasa la saba, lakini unasomeka, na sikukosea anwani.

Sasa nieleze madhambi yangu mawili, maana bila hayo hakuna cha kusimulia.

La kwanza ni usafi. Kanisani mimi ndiye mkuu wa kamati ya usafi, na watu huniita Mama Usafi, jina ambalo kwa miaka mingi nililichukulia kuwa ni sifa. Nikiona kitu cheusi nadhani kimechafuka. Nikiona kitu chenye mikwaruzo nadhani kimeonewa. Tangu nilipoolewa nimeisafisha ile bunduki kila Jumamosi kwa majivu, na pale penye ugumu kwa unga wa tofali, mpaka chuma kikawa cheupe kama kijiko cha mgeni. Ule ubao wake niliupiga msasa, kisha nikaupaka vanishi iliyobaki tulipopaka mabenchi ya kanisa. Jumanne, siku moja kabla ya mtathmini kuja, nikaupaka mkono wa pili ili asije akatudharau.

La pili ni utiifu. Mwaka ule wa msiba, mchungaji alihubiri juu ya siku ambayo watu watazigeuza silaha zao kuwa vifaa vya shamba. Waumini wenzangu walisema amina, wakaenda kula. Mimi nilienda nyumbani nikachukua bisibisi. Nilichomoa kila kilichokubali kuchomoka, na kila kipande nikakipa kazi ya amani humu humu ndani. Nilijiona nimewazidi wote kanisani kwa imani, hata mchungaji mwenyewe. Kilichobaki ni bomba na ubao, nikavifunga blanketi nikavirudisha juu ya kabati. Mama mkwe sikumwambia. Mwenyewe hakuwa akiigusa. Alikuwa na msemo wake kwamba silaha haishikwi na asiyeona. Nikaona kama hashiki, hana haja ya kujua. Hapo ndipo utiifu wangu ulipoanza kunuka kidogo, ila pua yangu niliielekeza kwingine.

Mtathmini alifika saa nne asubuhi. Alikuwa mtu mzima mwenye mvi, mpole, aliyefanya kazi ya fundi wa silaha jeshini mpaka akastaafu, na kidole chake kimoja cha mkono wa kushoto kiliishia nusu. Aliomba maji, akanawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa chochote. Nikampenda papo hapo. Nikamkalisha kwenye kiti kizuri chini ya dirisha, nikasogeza meza. Akatandika kitambaa cheupe, akapanga vitu vyake: kioo cha kukuzia, tochi ndogo kama kalamu, na karatasi za nakala zilizobanwa pembeni. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti chake karibu na mlango, kichwa amekiinamisha upande, jinsi anavyofanya anapotaka neno lisimpite.

Nikaleta blanketi. Nikalifungua polepole, kama mtu anayefunua keki ya harusi. Jua la dirishani likaipiga bunduki, ikawaka chumba kizima.

Nikangoja sifa.

Mtathmini akainama juu ya meza. Akaitazama jinsi daktari anavyomtazama mgonjwa aliyejitibu mwenyewe.

"Nani huwa anaisafisha?" akauliza.

"Ni mimi," nikasema, na nikajinyoosha kitini.

"Kwa muda gani, mama?"

"Kila Jumamosi, miaka thelathini na moja. Sijaruka hata moja, ila ile ya msiba."

"Kila Jumamosi," akarudia, akaandika.

"Kwa majivu. Na unga wa tofali pale palipokataa kutoka."

Akaacha kuandika. "Palipokataa kutoka nini?"

"Ule weusi."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Mama, chuma hiki kilitoka kiwandani kikiwa cheusi. Walikichemsha kwa dawa makusudi kiwe cheusi, kisishike kutu. Ule weusi ulikuwa nguo yake."

"Anasemaje?" mama mkwe akauliza.

"Anasema nimeivua nguo, mama."

"Bunduki ya baba yangu?"

"Ndiyo."

Mama mkwe akaelekeza sikio kwa mgeni. "Endelea, baba," akamwambia mtathmini. "Huyu ana tabia hiyo. Watoto wake wote alikuwa akiwasugua mpaka wanalia."

Mtathmini akahamia kwenye ubao. Akapitisha kidole, kidole kikateleza. Kidogo kikanata pia, maana ule mkono wa pili wa vanishi ulikuwa haujakauka vizuri. Alama ya kidole chake ikabaki pale, safi kabisa, kila mstari unaonekana. Akaitazama, mimi nikatazama dari.

"Hapa pembeni," akasema, "palikuwa na mihuri ya wakaguzi. Midogo ya mviringo, imegongwa kwenye mbao. Unaikumbuka?"

Niliikumbuka sana. "Ilikuwa ikishika vumbi," nikasema.

"Na hapa pengine palikuwa na mikwaruzo. Askari walikuwa wakijiwekea alama zao."

"Palikuwa na mistari saba. Nilidhani ni panya."

Mtu akikosea mara moja watu huudhika. Akikosea mfululizo namna hiyo, huanza kumsikiliza kwa hamu. Nilimwona mtathmini akiuma mdomo wa chini, na sikuweza kujua kama anazuia hasira au kicheko. Akawasha tochi yake, akailaza ubavuni mwa chuma, pale juu ya kifyatulio, mwanga ukapita umelala. Akasogeza kioo.

"Nne," akasema. "Saba." Akageuza tochi upande wa pili, akarudisha. Akapuliza. Akatazama muda mrefu. "Basi. Baada ya hapo ni kama sahani."

Ndipo akatueleza, na aliongea na mama mkwe zaidi kuliko na mimi. Kila bunduki ya jeshi ilikuwa na namba yake, na jeshi lilikuwa na daftari lililoonyesha namba ipi alipewa nani. Yeye alikuwa na nakala ya ukurasa wa kikosi kile. Bunduki ya baba yake mama mkwe ilikuwa namba nne saba moja tisa. Lakini ukurasa huo huo ulikuwa na bunduki sita zinazoanza na nne saba, zimepewa watu sita. Ule usafi wangu ulikuwa umebakiza namba mbili za mwanzo na kula mbili za mwisho.

"Naweza kuandika kwamba ni bunduki halali ya zamani," akasema. "Siwezi kuandika ni ya nani. Na bila ya nani, hati haitoki. Itakwenda na nyingine kule."

Kule ni kwenye tanuru. Hakulitaja, na hakuna aliyemwomba alitaje.

"Baba yangu yumo kwenye hiyo karatasi?" mama mkwe akauliza.

"Yumo, bibi. Mstari wa nne."

"Msome."

Mtathmini akasoma jina, cheo, na namba. Mama mkwe alisikiliza na mdomo wazi kidogo. Ni mwanamke anayekaribia miaka tisini, na sidhani kama aliwahi hata siku moja kumsikia baba yake akisomwa kutoka kwenye karatasi na mtu asiye ndugu.

"Msome tena," akasema.

Akamsoma tena. Mimi nikawa naitazama mikono yangu. Ina nguvu, na Mungu aliniumba nayo kwa kusudi fulani, lakini sidhani kama lilikuwa hili.

Mtathmini akaanza kukusanya vitu vyake, kisha akasita. "Kuna njia moja tu ningeijaribu, ila naona nayo imefungwa. Kiwandani walikuwa wakigonga zile namba mbili za mwisho kwenye vipande vidogo pia, ili vipande visichanganyike. Bamba la chuma la kitakoni. Pete inayoshika mtutu na ubao. Mdeki, ule ufito wa kusafishia ndani. Na komeo, kile chuma cha kusukumwa mbele na nyuma, kinachofunga risasi ndani. Hapa hakuna hata kimoja. Nadhani vilipotea huko huko vitani."

Aliniangalia. Ilikuwa njia ya kutokea iliyo wazi kabisa, hata imefagiliwa. Nilichotakiwa kusema ni ndiyo.

"Havikupotea vitani," mama mkwe akasema. "Baba aliirudisha nzima. Na marehemu mwanangu alikuwa akiifungua hapo hapo mezani, anaweka vipande, anavihesabu. Nilikuwa namsikia."

"Basi viko wapi, bibi?"

"Mimi sioni," mama mkwe akasema. "Muulize anayeona."

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa meza. Nilifikiri haraka haraka nani wa kumsingizia, na kila niliyemfikiria alikuwa amekufa au hakuwa na bisibisi.

"Mdeki," nikasema, "uko juu ya kichwa chako."

Mtathmini akainua macho. Pazia lilikuwa limening'inia vizuri, limenyooka, limefuliwa Jumatatu. Akalitazama pazia, kisha akautazama ufito unaolishika. Akapanda juu ya kiti bila kusema neno, pazia likamshukia kichwani, akatoka humo ndani ameshika mdeki kama mtu aliyevua samaki.

"Kumetokea nini?" mama mkwe akauliza.

"Ametoa pazia, mama."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu lilikuwa kwenye bunduki."

Hapo ikabidi nimweleze. Mahubiri, bisibisi, vifaa vya shamba, vyote. Nilieleza kwa sauti ya chini, lakini kama nilivyosema, masikio ya mama mkwe hayaendi likizo. Nilipomaliza, aligonga fimbo yake sakafuni mara moja.

"Miaka tisa," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kila mwaka siku ya kumbukumbu nakuuliza, bunduki ipo? Unajibu ipo."

"Ilikuwepo, mama. Ilikuwa imetawanyika."

Mtathmini akakohoa, akajifanya anachunguza mdeki. Lakini pete za pazia zilikuwa zimeulamba kwa miaka tisa, huku na huku, asubuhi na jioni, mimi nikifungua na kufunga dirisha kwa ratiba. Kama palikuwa na namba, mapazia yaliila. "Huu hausemi kitu," akasema. "Kingine?"

Nikaenda chumbani nikaleta bamba la kitako. Ndilo lililokuwa kiegemezo changu cha pasi ya mkaa, kwa jinsi lilivyopinda lilifaa mno, hata jirani aliniuliza nilinunua wapi. Mtathmini akalipindua, akaweka kioo.

"Moja," akasema. "Tisa."

Mama mkwe akanyoosha mkono hewani, bila kujua anaunyoosha kwa nani. Nikaushika. Akaukubali kwanza, halafu akakumbuka ni wangu akauchomoa.

"Bado," mtathmini akasema. "Kimoja hakitoshi. Vitani vipande vilibadilishwa sana, anayekufa anavuliwa, anayebaki anavishwa. Lazima cha pili kikubaliane nacho."

Nikatoka nje kwenye banda, nikarudi na jembe. Pete ya bunduki ilikuwa pale kwenye mpini, nimeibana mahali ulipopasuka. Hii ndiyo niliyoionea fahari kuliko zote, maana ilikuwa silaha iliyogeuzwa kuwa kifaa cha shamba kwa maana kamili, na nilikuwa na mpango wa kumwonyesha mchungaji siku moja. Mtathmini akailegeza, akaitoa, akafuta udongo kwa kidole gumba. Akatazama. Akatazama tena bila kioo, kana kwamba kioo ndicho kilichodanganya.

"Themanini na tatu," akasema.

Akaiweka pete kando ya bamba.

"Sasa nina kimoja kinachosema ni yake na kimoja kinachosema siyo," akasema. "Limebaki komeo. Komeo ndilo lenye uzito. Hilo halibadilishwi ovyo, bunduki yenyewe hulikataa. Likisema kumi na tisa, naandika jina. Likisema vingine, bibi, utanisamehe. Lipo, mama?"

Sikujibu mara moja, na nitasema ukweli kwa nini. Jembe na pazia ni vitu vya kucheka. Lakini komeo lilikuwa jikoni, na kazi niliyolipa ilikuwa inamhusu mama mkwe kwa karibu kuliko vyote. Nilisimama pale nikiomba Mungu afanye lipotee. Halafu nikaona naomba ujinga, maana likipotea, mzee wa watu anageuka nondo. Na kama Mungu angesikiliza maombi ya watu wa namna yangu, dunia ingekuwa safi sana na tupu. Nikaenda jikoni.

Lilikuwa mahali pake, ndani ya kinu kidogo. Ni chuma kinene cha urefu wa kiganja na nusu, chenye mkono mfupi pembeni na kifundo mwishoni, na niseme tu kwamba hakuna kitu kilichowahi kutengenezwa kinachokaa mkononi vizuri namna ile. Nilikuwa nikikisuuza kwa maji tu, maana niliona kila nikiking'arisha kinateleza.

Nikakiweka juu ya kitambaa cheupe. Mtathmini akakiinamia, akasita, akanusa.

"Vitunguu saumu?"

"Natwangia," nikasema.

Kile kichwa kilichoinama karibu na mlango kikanyooka taratibu.

"Kwa hiyo," mama mkwe akasema, "nilipokuwa nikikwambia mchuzi una ladha ya chuma."

"Ndiyo, mama."

"Ukaniambia ni meno yangu."

"Nilikwambia, mama."

"Ukanipeleka kwa daktari wa meno."

"Na nauli nililipa mimi," nikasema, jambo ambalo halikusaidia.

"Akaning'oa mawili."

Mtathmini alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, mabega yanatikisika. Alipopata pumzi alisema komeo limejaa mafuta meusi ya jikoni pale chini ya mkono, pale namba inapokuwa, kwa hiyo asubiriwe kidogo. Niliposikia mafuta meusi, sikujua nimesimama saa ngapi. Nilishtukia niko mlangoni mwa jiko, mkono umeshaelekea kwenye sufu ya chuma ya kusugulia sufuria.

"Mama," akaniita, taratibu sana, kama unavyomwita mtu aliye ukingoni mwa paa. "Njoo ukae chini, tafadhali."

"Ikalie mikono yako," mama mkwe akasema.

Nikaikalia kweli.

Akachukua kijiti cha kiberiti, akakizungushia pamba, akadondoshea kitu kutoka kwenye chupa ndogo. Akafuta kidogo. Akatupa pamba, akaweka nyingine. Pamba ya kwanza ilikuwa nyeusi, ya pili kahawia, ya tatu ya manjano. Nje mtu alipita akiburuta mkokoteni, na sauti yake ilichukua muda mrefu sana kwisha. Mama mkwe hakuwa akipumua kwa kusikika. Nami nilikuwa nimeahidi moyoni mambo kadhaa kwa Mwenyezi, mengi yakiwa ya kupunguza.

Mtathmini akaweka kioo. Akaleta tochi.

"Moja," akasema.

Akafuta tena kidogo.

"Tisa."

Akageuza komeo ili nione mwenyewe. Zilikuwa pale, kali kama zimegongwa jana, ndogo, zimeinama kidogo upande mmoja. Akasema mafuta ya jikoni yalikuwa yamezifunika na kuzitunza. Bomba nililolihudumia kila Jumamosi lilipoteza kumbukumbu, na kipande nilichokitupa kwenye vitunguu kilikumbuka kila kitu. Mtu mwingine angejifunza kitu cha maana hapo. Mimi nilichowaza kwanza ni kwamba nitatwangia nini jioni.

"Ni yake, bibi," mtathmini akasema. "Naandika."

Mama mkwe akaitikia kwa kichwa mara nyingi, midomo imebanwa. Machozi yakamtoka, akayaacha yashuke. Sikumfuta. Naomba nisifiwe kwa hilo peke yake.

Baada ya muda akauliza, "Na ile pete ya themanini na tatu, ni ya nani?"

Mtathmini akashusha kidole kwenye ukurasa. "Kwenye hawa sita yupo mmoja, nne saba nane tatu. Mstari wa mwisho." Akasita. "Pembeni pameandikwa hakurudi. Lakini siwezi kuapa ni yake. Themanini na tatu zilikuwa nyingi jeshini, na mimi siandiki nisichokijua."

"Baba hakuwahi kutuambia," mama mkwe akasema.

"Wengi hawakusema, bibi. Nikitaka bunduki iwe safi kitaalamu, ningeandika pete itolewe, kwa sababu si ya kwake."

"Iache hapo hapo. Kama baba aliiweka, alijua kwa nini."

"Nitaandika ilikuwepo."

Akaifunga pete mahali pake. Akarudisha bamba kitakoni, akachomeka mdeki, akasukuma komeo ndani, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa kile kitu kikafanana na bunduki, ingawa ni bunduki iliyotoka kuogeshwa. Akamuuliza bibi kama angependa kuishika kabla haijaenda. Nilidhani atakataa. Akanyoosha mikono yote miwili, akalaziwa bunduki mapajani, akaipapasa kutoka mwisho mpaka mwisho, kisha akaishusha puani.

"Inanuka kanisa na mboga," akasema.

"Nisamehe, mama."

"Nilikuwa nikimkumbuka baba kwa harufu. Alikuwa mchafu sana, Mungu amrehemu. Mama alikuwa akimfukuza mlangoni na viatu vyake vya matope. Angekuona wewe na msasa wako angekimbia tena vitani."

Mtathmini alikuwa amefika kwenye fomu. Akasoma kwa sauti huku akiandika. Uhalisi: umethibitishwa kwa namba za vipande viwili. Hali: mbaya. Sababu ya uharibifu. Hapo akainua kalamu, akaniangalia kwa huruma.

"Naweza kuandika umri," akasema. "Watu wengi huandika umri. Hiki kikaratasi kitakaa ukutani chini ya jina, na watu watasoma."

Sasa ndipo nilipoelewa. Jina la baba yake lingekwenda ukutani, na chini yake ndipo mahali pa kusema nani aliivua bunduki yake nguo. Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa amegeuza uso upande mwingine, kwa makusudi, ananiachia nafasi ya kudanganya nikitaka. Sijawahi kumwona akinifanyia heshima kubwa kama hiyo, nami naishi naye tangu nikiwa msichana.

"Umri haukufanya kitu," nikasema. "Andika kwamba ilisuguliwa kwa majivu na unga wa tofali, ikapigwa msasa, ikapakwa vanishi ya mabenchi. Andika na aliyefanya hivyo."

"Niandike nani?"

"Andika mkwe wa binti wa aliyeibeba," mama mkwe akasema kutoka kitini kwake. "Na uongeze kwamba ndiye aliyeitunza. Vyote viwili ni kweli, kwa bahati mbaya."

Akaandika vyote viwili. Akanigeuzia karatasi, akanionyesha mstari wa kusaini. Nikashika kalamu, nikaandika jina langu lote kwa mwandiko wa kuunganisha, jinsi mwalimu wa darasa la tatu alivyotufundisha. Wino ulikuwa mzito. Herufi ya mwisho ikatoa kidoa kidogo, cheusi, pembeni kabisa mwa jina.

Mkono wangu ukaenda wenyewe na ncha ya kitambaa.

"Acha," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Nikaacha.